Bastola Isiyozikika: Mtu wa Silaha na Jana Yake katika Riwaya za Nairobi ya Mashariki

Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna riwaya ya Kenya ilivyomchora mtu aliyeishi kwa silaha, kisha akasumbuliwa na yale aliyoyatenda. Mhusika wa aina hii anajulikana sana katika riwaya ya kauboi ya Marekani. Huko ni mpiga bastola hodari ambaye amechoka kuua, anatafuta mahali pa kutulia, lakini jana yake inamfuata kila aendako. Nchini Kenya mhusika anayemkaribia zaidi hakupanda farasi wala hakuvuka nyika. Alishuka kwenye basi, akapanga chumba, akaishi miongoni mwa majirani waliomwona akitoka na kuingia. Tunamkuta hasa katika riwaya za John Kiriamiti, zikianza na My Life in Crime (1984). Kwa sura nyingine tunamkuta pia katika A Tail in the Mouth (1972) ya Charles Mangua na Matigari (1986) ya Ngũgĩ wa Thiong'o.

Hoja kuu ya makala ni kwamba riwaya hizi haziwezi kueleweka sawasawa zikisomwa kama nakala hafifu za hadithi za kauboi au za majambazi wa kigeni. Mazingira ya mitaa ya mashariki ya Nairobi, yaani Eastlands, yanaibadilisha kanuni ya msingi ya utanzu huo. Kauboi ana upeo wa kuondokea; mtu wa mtaani hana. Kwa hiyo swali linalomkabili msomaji wa riwaya za Nairobi ni kwamba huyu mtu atatoa hesabu gani, atamtolea nani, na nani atakuwa na haki ya kuisimulia. Itaonyeshwa kwamba katika jambo hili Kiriamiti alifanya kazi nzito kuliko wanavyokiri wahakiki wanaomdharau, lakini pia kwamba aliacha deni ambalo mashabiki wake hawajalitaja vya kutosha.

Wahakiki wa miaka ya 1970, Chris Wanjala akiwa mmojawapo, waliitazama riwaya pendwa kwa shaka kubwa. Shaka hiyo ilikuwa na sababu zake. Mabucha ya damu, pombe na ngono yaliuzwa kwa wingi, na mara nyingi yaliuzwa bila fikra yoyote nyuma yake. Hata hivyo, shaka ile iligeuka mazoea. Mwanafunzi wa fasihi akafundishwa kupima riwaya pendwa kwa kigezo kimoja tu, nacho ni kama inafunza maadili mema au inayapotosha. Kigezo hicho si kibaya, ila kinakimbilia hukumu kabla ushahidi haujasikilizwa.

Kauboi na Ukimya Wake

Ili tofauti ionekane, inafaa kuitazama kwa ufupi riwaya moja inayochukuliwa kuwa kielelezo cha utanzu wa kauboi, nayo ni Shane ya Jack Schaefer, iliyochapishwa kama kitabu mwaka 1949. Mgeni anafika kwenye shamba la familia ya Starrett huko Wyoming. Hasemi alikotoka. Bastola yake ameiweka kando, akashika shoka na kazi za shamba. Kila mtu anahisi kwamba nyuma yake kuna mambo mazito, lakini hakuna anayemwuliza. Hatimaye wakulima wanapotishwa na tajiri wa ng'ombe, Shane anaichukua tena bastola, anaua, kisha anaondoka asirudi.

Mambo matatu ni muhimu hapa. Kwanza, jana ya Shane haisimuliwi. Ukimya ndio heshima yake. Laiti angeieleza, angekuwa muuaji wa kawaida mwenye majina na idadi ya maiti. Pili, msimulizi si yeye bali ni mtoto, Bob, anayemsimulia kwa mapenzi akiwa ameshakuwa mtu mzima. Hivyo hesabu ya matendo yake imekabidhiwa jicho lisilojua mengi. Tatu, suluhisho la mgogoro wake ni la kijiografia. Nchi ni pana, na mwenye dhambi anaweza kuibeba dhambi yake hadi nje ya ukurasa wa mwisho. Jamii aliyoitetea inabaki safi, kwa kuwa damu imeondoka pamoja naye.

Hadithi za namna hii zilienea Afrika kwa njia ya sinema kabla hazijaenea kwa njia ya vitabu. Katika miji ya migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, na Léopoldville ambako vijana wa miaka ya 1950 walijiita Bills kwa kumwiga Buffalo Bill, kauboi alichukuliwa kama kielelezo cha mavazi, mwendo na lugha. Afrika Mashariki nayo ilipata sehemu yake ya filamu hizo. Lakini ni jambo la kustaajabisha kwamba vijana wale waliiga kofia, mwendo na ubabe, wala hawakuweza kuiga kile kinachoufanya utanzu wenyewe ukamilike, yaani kuondoka. Hawakuwa na pa kwenda. Mji ulikuwa ndio mwisho wa safari yao.

Mtaa Usio na Upeo

Eastlands haikujengwa iwe mahali pa kujificha. Tangu Pumwani ilipotengwa kuwa makazi ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, na baadaye Kaloleni na Ziwani katika miaka ya 1940, kisha Bahati, Ofafa na Jericho, mitaa hii ilikusudiwa kuhifadhi nguvukazi karibu na reli na viwanda. Wapangaji walihesabika na waliweza kuzingirwa. Nyumba zilikuwa ndogo, bomba la maji na choo vikatumiwa na wengi. Baada ya uhuru ziliongezeka Buruburu, Umoja na Dandora katika miaka ya 1970, kila mmoja kwa tabaka lake, lakini msingi wa kuishi kwa kuonana haukubadilika. Katika mazingira haya siri haitunzwi kwa umbali. Inatunzwa kwa hiari ya jirani anayejua na akaamua kunyamaza.

Historia ilionyesha mapema gharama ya kujulikana. Tarehe 24 Aprili 1954, katika operesheni iliyoitwa Anvil, majeshi ya kikoloni yaliuzingira mji na kuupekua mtaa kwa mtaa, na zaidi ya watu 20,000 wakaishia vizuizini. Miongoni mwa mbinu za uchujaji wa wakati ule ilikuwepo ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, ambaye watu walimwita gakunia. Watuhumiwa walipitishwa mbele yake. Akitikisa kichwa, safari ya mtu ilikuwa imeamuliwa. Ngũgĩ aliitumia picha hii katika A Grain of Wheat (1967) kupitia kwa Karanja aliyevaa gunia hilo.

Picha ya gakunia ni muhimu kuliko picha ya mpanda farasi katika kuieleza riwaya ya Nairobi. Kwa kauboi, jana huja katika umbo la mpinzani anayesimama barabarani na kumwita kwa jina. Mapambano yao ni ya uso kwa uso. Kwa mtu wa Nairobi, jana ni macho mawili asiyoyajua ya nani, yanayomjua yeye. Hakuna bastola ya kupambana na kichwa kinachotikisika. Baada ya uhuru gunia liliondoka, lakini mtoa habari alibaki. Pia ulibaki ukelele wa "mwizi!" unaoweza kuugeuza umati wa wapita njia kuwa mahakama na mnyongaji kwa dakika chache.

Hapo ndipo taharuki ya riwaya za ujambazi za Nairobi ilipo. Msomaji anayetafuta mapambano ya risasi atayapata, lakini hofu ya kweli katika kurasa hizi ni hofu ya kutambuliwa. Mhusika anaogopa kukutana na mtu aliyesoma naye, mtu wa kijijini, mpenzi wa zamani, askari aliyewahi kumwona. Anahitaji jina jipya kila mara, na kila jina jipya ni deni.

Sauti Mbili za Jack Zollo

Msingi wa My Life in Crime unajulikana. Kijana anaiacha shule ya sekondari akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, anaanza kwa kuchomoa pesa mifukoni mwa watu mjini, anapanda ngazi hadi wizi wa kutumia nguvu na uporaji wa benki, kisha anakamatwa na kufungwa. Mwandishi mwenyewe alihukumiwa Januari 1971 kwa kosa la unyang'anyi, na alitoka gerezani mwaka 1984, mwaka ambao kitabu kilichapishwa. Katika kitabu nafsi-simulizi inajiita Jack Zollo. Jina lenyewe linanukia bango la sinema. Halina ukoo, halina kijiji, halina baba. Ni jina la mtu anayetaka kuzaliwa upya mjini bila ya kuulizwa ni mtoto wa nani.

Kinyume na Shane, Zollo husema. Usimulizi wa nafsi ya kwanza unaiondoa heshima ya ukimya na kuweka mahali pake ungamo. Katika ungamo lolote zinapatikana sauti mbili: sauti ya nafsi iliyotenda na sauti ya nafsi inayosimulia baada ya kuadhibiwa. Uzito wa kazi unategemea umbali uliopo baina ya sauti hizi mbili. Umbali ukiwa mkubwa mno, msimulizi anageuka mhubiri na kijana aliyekuwa anageuka kikaragosi. Umbali ukitoweka, ungamo linageuka majigambo.

Kiriamiti anasimama katikati ya hatari hizi mbili bila ya utulivu, na kutotulia huko ndiko kunakoifanya kazi yake istahili uchambuzi. Anapoeleza ngeta, yaani kabali ya kumkaba mtu shingo kutoka nyuma ili aporwe, maelezo yake ni ya fundi. Anaeleza mkono unakaa wapi, mwenzake anafanya nini, kazi inachukua muda gani. Sentensi zake ni fupi na zina uhakika, na msomaji anahisi raha ya mtu anayeijua kazi yake. Toba inapofika, lugha hulegea na kuwa ya jumla. Hatuna hapa unafiki wa wazi. Tuna ukweli wa kisanaa ambao pengine mwandishi hakuupanga, kwamba mwili unakumbuka ufundi kwa ukamilifu kuliko dhamiri inavyokumbuka kosa.

Ni hapa ambapo hoja ya kimaadili ya wahakiki wa awali inapaswa kurudi, ila kwa umbo lililosahihishwa. Kuuliza kama kitabu kinawafundisha vijana wizi hakutoshi. Kijana wa Dandora au Mathare hakuhitaji kitabu ili aone wizi ukitendeka. Swali zito zaidi ni nani asiyekuwepo katika ungamo. Aliyekabwa ngeta hana jina. Hatumwoni akiinuka kutoka chini, akikosa nauli, akieleza nyumbani kwamba mshahara umeondoka. Karani wa benki aliyeelekezewa bastola anatoweka mara tu mlango unapofungwa. Wahenga walisema mtenda husahau, mtendwa hasahau. Katika My Life in Crime mtenda anakumbuka kila kitu isipokuwa mtendwa. Hilo ndilo deni lililotajwa mwanzoni. Haliondolewi na kurasa za mwisho zenye majuto, kwa sababu majuto hayo yanahusu miaka iliyopotea ya msimulizi mwenyewe kuliko maisha ya wengine.

Jambo jingine linahitaji kutajwa ili uzito wa sauti hii ueleweke. Katika miaka ya 1970 adhabu ya unyang'anyi wa kutumia silaha chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya ilikuwa imefanywa kuwa kifo. Kiriamiti, aliyehukumiwa mwanzoni kabisa mwa mwongo huo, alipata kifungo cha miaka na kwa hiyo akapata uzee wa kusimulia. Waliomfuata wengi hawakupata. Majambazi waliotajwa sana na magazeti katikati ya miaka ya 1990, Wanugu, Wacucu na Rasta, waliuawa kwa risasi za polisi, na yote tunayoyajua kuwahusu yalisemwa na wengine. Kwa mantiki hiyo, ungamo la Zollo ni ushahidi wa aliyesalimika. Utanzu mzima wa ungamo la jambazi nchini Kenya unasimama juu ya bahati hiyo, na John Kiggia Kimani, mwandishi wa Life and Times of a Bank Robber (1988), ni msalimika mwingine wa aina hiyo hiyo.

Vivyo hivyo, upande wa sheria haukukosa shujaa wake. Patrick Shaw, mzungu mwenye mwili mkubwa aliyekuwa askari wa akiba wa polisi na pia msimamizi katika Kituo cha Wavulana cha Starehe hadi alipofariki mwaka 1988, alikuwa tayari hadithi mitaani angali hai. Katika mtu mmoja walikutana mlezi wa watoto maskini na mwindaji wa majambazi. Riwaya ya kauboi ingemfanya mkuu wa polisi wa mji mdogo, mwadilifu na mpweke. Simulizi za mitaani zilimfanya kitu kisichoeleweka vizuri, cha kuogopwa na kusifiwa kwa pumzi moja. Umma uliokuwa ukivutiwa na Zollo ndio huo huo uliovutiwa na Shaw. Hali hii inamwonya mhakiki asidhani kwamba msomaji wa Eastlands alisoma ili amshangilie jambazi peke yake.

Milly na Hesabu ya Pili

Mwaka 1989 Kiriamiti alichapisha My Life with a Criminal: Milly's Story. Mwanamke aliyempenda Zollo bila ya kujua kazi yake halisi anayasimulia upya maisha yale. Kifani hili ni tukio muhimu katika riwaya pendwa ya Kenya, kwa kuwa mwandishi alirudi kwenye hadithi iliyompa umaarufu na kuitia mashakani kwa kuibadilishia jicho.

Katika riwaya ya kauboi mwanamke hutazama na hupoteza. Marian Starrett anajua moyo wa Shane, lakini anabaki shambani na hadithi haimwulizi kitu. Milly anaulizwa. Yale yaliyokuwa matendo katika kitabu cha kwanza yanakuwa kutokuwepo katika kitabu cha pili. Zollo alipokuwa barabarani, Milly alikuwa anangoja. Pesa zilizosimuliwa kwa fahari pale zinakuwa hapa kitendawili ndani ya nyumba: zimetoka wapi, na je, mwenye kuzila bila ya kuuliza hana sehemu yake? Msomaji anayeviweka vitabu viwili pamoja anagundua kwamba uongo wa Zollo kwa Milly haukuwa jambo la pembeni. Uongo huo ulikuwa ndio wizi wake mrefu kuliko wote, maana alimwibia mtu uwezo wa kuamua juu ya maisha yake.

Hata hivyo mpaka wa jaribio hili lazima uonyeshwe. Milly anazungumza kwa kalamu ya Kiriamiti. Malalamiko yake, hata yakiwa makali, yanaelekea kwenye mapenzi na subira, na subira ya mwanamke ni njia ya zamani ya kumsafisha mwanamume. Kwa kuwa yeye anamsamehe, msomaji anashawishiwa kusamehe, ilhali waliokabwa barabarani hawakuombwa msamaha wao. Kwa maneno mengine, Milly amewekwa kwenye kiti cha mtendwa na amekikalia kwa niaba ya watu ambao hawakumtuma.

My Life in Prison (2004) inakamilisha masimulizi ya maisha hayo kwa kueleza miaka ya kifungoni. Kabla yake, Son of Fate (1994) ilijaribu njia ya kubuni zaidi kwa kumfuata Adams Wamathina, mtu aliyetoka gerezani akitaka kuishi kwa jasho lake katika mji usiomhitaji. Kwa mada inayochunguzwa hapa, riwaya hii ya mwisho ndiyo iliyoikaribia zaidi ile ya kauboi aliyechoka. Tofauti ni kwamba anayetoka gerezani Nairobi hakutani na tajiri wa ng'ombe anayemlazimisha kuichukua tena bastola. Anakutana na kodi ya nyumba na ofisi inayotaka barua kutoka kwa mwajiri wa mwisho. Jana yake inamrudia kama pengo katika karatasi, na pengo hilo halipigwi risasi.

Jana ya Msituni: Moira na Matigari

Si kila silaha katika riwaya ya Kenya ilitoka katika ujambazi. Vita vya Mau Mau viliwapa watu wengi bastola na bunduki, na amani haikuwaeleza la kufanya na kumbukumbu zake. Katika A Tail in the Mouth Mangua anamwonyesha Samson Moira, aliyekuwa mlinzi upande wa serikali ya kikoloni kisha akaingia msituni upande wa wapiganaji, na ambaye uhuru unamkuta akihangaika Nairobi. Moira hawezi kuwa shujaa wa upande wowote. Akidai malipo ya mpiganaji, ulinzi wake unamsuta. Akijificha kama mlinzi wa zamani, msitu unamsuta. Mangua anayasema haya kwa kicheko na matusi, na kicheko hicho kimewafanya wengi wasione uzito wa hali anayoichora. Hapa jana ina pande mbili zinazopigana ndani ya mtu mmoja, wala hakuna mshindi.

Ngũgĩ katika Matigari alichukua njia tofauti kabisa. Jina Matigari ma Njirũũngi lina maana ya wazalendo waliosalimika na risasi. Mpiganaji anatoka msituni baada ya kumshinda adui wake, anaizika bunduki chini ya mugumo, anajifunga mshipi wa amani na kwenda kuitafuta nyumba yake aliyoijenga kwa mikono yake. Anapitia nchi akiuliza ukweli na haki vinapatikana wapi. Hajibiwi. Mwishoni kijana Mũriũki anazifukua silaha zile.

Muundo huu unakaribia sana muundo wa Shane: silaha iliyowekwa kando, amani iliyojaribiwa, silaha iliyorudiwa. Lakini maana imepinduliwa. Shane anarudia bastola na kwa kufanya hivyo anajihukumu kuondoka. Matigari anarudia silaha kwa sababu jamii ndiyo iliyovunja ahadi, na silaha haiondoki naye bali inarithiwa. Kosa limehamishwa kutoka moyo wa mtu kwenda kwenye nyumba iliyoporwa. Si ajabu basi kwamba dola ilimwogopa mhusika wa kubuni. Kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, amri ilitolewa Matigari akamatwe kana kwamba ni mtu halisi, na mwaka 1987 polisi waliziondoa madukani nakala za kitabu hicho cha Kigĩkũyũ.

Ulinganisho huu unatoa nuru juu ya Kiriamiti. Zollo hawezi kuizika bastola yake chini ya mugumo, kwa kuwa haikuwahi kubeba ahadi ya mtu mwingine. Matigari ana haki lakini hana dhamiri inayomsumbua. Hatuoni usiku wake wa kuwakumbuka aliowaua. Zollo ana usiku huo lakini hana haki ya kuuegemeza. Riwaya ya Kenya imetupa mpiganaji asiyesumbuliwa na jambazi asiyetetewa. Moira peke yake ndiye aliyewekwa katikati, naye amesomwa kidogo kuliko wote.

Swali la Lugha

Linabaki swali ambalo idara za Kiswahili haziwezi kulikwepa. Maisha yanayosimuliwa na Kiriamiti hayakuishiwa kwa Kiingereza. Majirani waliitana kwa Kiswahili, genge lilipanga kwa Kiswahili cha mitaani na kwa Kigĩkũyũ, askari alihoji kwa Kiswahili, na ukelele wa mwizi ulikuwa wa Kiswahili. Ngeta ni neno la mtaani, na Sheng, ambayo chimbuko lake huhusishwa na mitaa hii hii ya Eastlands, imejengwa juu ya sarufi ya Kiswahili. Ungamo likaandikwa kwa Kiingereza. Kwa kufanya hivyo lilipata wachapishaji na wasomaji wa shule, lakini pia lilipata umbali. Kosa lililosemwa kwa lugha nyingine halimchomi msemaji kama lile linalosemwa kwa lugha aliyokosea ndani yake.

Riwaya ya Kiswahili ya wakati huo ilikuwa na bastola za kutosha, ila zilishikwa na mikono mingine. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alitegemea kiko na akili. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa walipiga risasi kwa ajili ya taifa au haki, wakalala usingizi mzuri. Bastola ilipokuwa ya dola au ya mpelelezi haikuhitaji kukumbuka. Euphrase Kezilahabi katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975) alimpa Tumaini silaha ya kumwua kiongozi wa serikali, lakini risasi hiyo ilikuja mwishoni, na kitanzi kikafuata kabla ya kumbukumbu. P. M. Kareithi katika Kaburi Bila Msalaba (1969) aliuingiza msitu wa Mau Mau katika riwaya ya Kiswahili mapema, lakini mlango alioufungua haukupitwa na wengi.

Kwa hiyo pengo lipo mahali maalumu. Riwaya ya Kiswahili imemjua mshika bastola anayetenda, na imemjua anayeadhibiwa. Haijamkalisha vya kutosha yule aliyesalimika, akiwa mzee sasa, akiishi Makadara au Kayole karibu na watu aliowakosea, akisalimiwa shikamoo na vijana wasiojua. Mhusika huyo anahitaji lugha yenye adabu ya kusalimiana na ukali wa mtaa kwa wakati mmoja, na lugha hiyo ni Kiswahili.

Hitimisho

Makala yamejaribu kuonyesha kwamba mtu wa silaha katika riwaya za Nairobi si kauboi aliyehamishwa. Amenyimwa vitu viwili vinavyomwokoa kauboi, ukimya na upeo, na kwa sababu hiyo analazimika kusema na kukaa. Kiriamiti alilielewa hilo kwa uzoefu kabla wahakiki hawajalielewa kwa nadharia, akatoa ungamo lenye sauti mbili ambazo hazijapatana, kisha akathubutu kulirudia kwa sauti ya Milly. Alichoshindwa ni kumpa mtendwa wa barabarani jina na nafasi, na mafanikio yake hayapaswi kulifunika pengo hilo.

Kwa wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada, uwanja huu haujalimwa. A Tail in the Mouth inahitaji kusomwa upya kama riwaya ya dhamiri iliyogawanyika. Vitabu viwili vya Kiriamiti, cha 1984 na cha 1989, vinahitaji kufundishwa pamoja, kamwe kimoja bila ya kingine. Na mwandishi wa Kiswahili anayeifahamu Eastlands anangojewa aandike kutoka upande wa aliyeamka barabarani akiwa ameporwa, akaenda nyumbani kwa miguu, na miaka mingi baadaye akamtambua jirani yake.